Krimu ya chai ya kijani inageuka kahawia na kutengana: anzia kwenye pH

Mkuu umeuliza kwa nini krimu yako ya ekstrakti ya chai ya kijani inageuka kahawia, na juu yake inaanza kujitenga, na kama ubadili mmea. Mmea usiusingizie bure, hata ukihamia mbegu za zabibu utarudi palepale, cha muhimu ni hiyo antioksidanti (kitu kinachozuia vingine visioksidike) imekaa wapi ndani ya krimu na kwenye pH ipi, yani kiwango gani cha uasidi.

Katekini, yani antioksidanti za chai yenyewe, hasa ile inayoitwa EGCG, zinapenda asidi kidogo. Mi naziweka kwenye pH 4.5 hivi, nashusha na asidi ya sitriki, maana ukifika 7 zinaoksidika fasta na ndo hiyo kahawia unayoiona. Halafu kuna chuma na shaba, hata zikiwa chembe tu kwenye maji zinaharakisha mambo, so tumia maji yaliyotolewa madini na utie EDTA asilimia 0.1, hiyo inazifunga hizo metali. Ekstrakti nayo usiichemshe na awamu ya maji (ile sehemu ya maji ya fomula), ngoja krimu ipoe chini ya nyuzi 40 ndo uitie.

Kutengana ni kesi nyingine. Kama umenenesha na karboma, ekstrakti nyingi zina chumvichumvi na karboma haivumilii chumvi, inalegea. Polifenoli (kundi ambalo katekini zimo) pia zinashikana na emalsifaya, yani kile kinachounganisha mafuta na maji, za jamii ya PEG (polyethilini glikoli), yani emalsifaya inashikwa huku na antioksidanti yenyewe inapungua nguvu. Mi nilihamia zanthani, gamu ya kunenesha, pamoja na emalsifaya isiyo na PEG, ikatulia.

Vitamini E iweke kwenye mafuta, inalinda mafuta yasichache, ila jamani sio kihifadhi, haiui bakteria wala ukungu, na rozimari ya kulinda mafuta ni hivyohivyo. Kihifadhi cha kweli lazima kiwepo, na uzuri sodiamu benzoeti inafanya kazi vizuri hukohuko chini ya pH 5.

Hizo lebo za "nguvu mara mia ya vitamini C" mi huwa nazipita tu, kipimo cha DPPH, kile cha kupima nguvu ya antioksidanti, kinafanyika kwenye kichupa cha maabara, ngozi haimo kabisa.

Kabla hujabadili chochote tengeneza bechi mbili, moja bila ekstrakti, kila moja igawe mara tatu, sehemu moja weka nyuzi 45, nyingine friji, nyingine dirishani. Isiyo na ekstrakti ikitengana pia basi shida ni emalsifaya. Pima pH kila wiki, tuwekee hapa namba na fomula nzima tuione.