Maktaba za Columbus: jibu refu kwa dada aliyeuliza pa kuanzia

Dada mleta mada, nimesoma swali lako na majibu ya wadau hapo juu, nikaona niandike kwa kirefu. Umesema mmeingia Columbus, Ohio, juzijuzi tu. Shemeji anabeba boksi usiku ghalani, wewe uko nyumbani na watoto wawili na mama mkwe, unataka Kiingereza na kompyuta ila hela ya kulipia darasa hakuna. Mtu kakutajia maktaba, ukaingiwa na hofu ya vitambulisho, faini, na hicho Kiingereza chenyewe cha kuongea na mtu wa kaunta. Mimi niko mji huuhuu kwa miaka mingi, na maktaba nimeitumia tangu sina gari hadi leo nina watoto wanaonisumbua niwapeleke.

Kwanza weka pembeni ile maktaba tuliyokuja nayo kichwani. Sisi tuliosoma Dar tunaijua Maktaba Kuu pale Bibi Titi, ile aliyoifungua Mwalimu tarehe 9 Desemba 1967. Naiheshimu, imewatoa wengi. Lakini kwa wengi wetu ilikuwa mahali pa kujiandalia mtihani: begi unaliacha mlangoni, unakaa kimya, ukikohoa unageukiwa. Mtu mzima asiye na mtihani hakuona la kufanya mle ndani. Ndiyo maana Waswahili kibao hapa wanapita mbele ya maktaba kila wakienda dukani na hawajawahi kusukuma mlango. Ya huku ni nyumba ya huduma, na vitabu vimo pia. Watoto wana upande wao wanapiga kelele, huyu anaomba kazi mtandaoni, yule amekimbia baridi tu na hakuna anayemuuliza amefuata nini.

Mtandao wa maktaba za hapa unaitwa Columbus Metropolitan Library, una matawi zaidi ya 20. Hukusema mnakaa wapi. Kama ni upande wa Cleveland Avenue, kuna tawi la Northern Lights, na basi la CMAX linapita barabara hiyohiyo. Mkiwa kaskazini kuna Karl Road. Makao makuu yako Grant Avenue katikati ya mji, jengo la mwaka 1907 lililojengwa kwa fedha za Andrew Carnegie, yule tajiri wa chuma. Ukipata siku ya jua wapeleke watoto huko, maana nyuma yake kuna bustani yenye vichaka vilivyokatwa umbo la watu na boti. Watoto wangu waliwahi kumwamkia mmoja.

Haya, kadi. Nenda na kitambulisho chenye picha na karatasi yoyote inayoonyesha anuani yako, mfano mkataba wa nyumba au bili ya umeme. Hali yako ya uhamiaji hawakuulizi. Watoto nao wanapata kadi zao, mzazi unawasainia. Mkazi yeyote wa Ohio anaruhusiwa kuchukua kadi kwenye mtandao wowote wa maktaba za umma jimboni, kwa hiyo ukiwa na ya Columbus bado unaweza kuchukua ya Westerville, ambayo ni maktaba inayojitegemea. Kitu kikiwa na foleni huku unakijaribu kule. Na kwa wanaonong'ona kwamba ukijisajili serikali itajua unasoma nini: sheria ya Ohio inaikataza maktaba kutoa kumbukumbu za msomaji bila ridhaa yake, isipokuwa kwa mambo machache kama amri ya mahakama au dharura ya usalama. Mzazi anaweza kuona za mtoto wake mdogo.

Faini za kuchelewesha zilifutwa hapa tangu Januari 2017. Chicago walifuata 2019, New York 2021. Ukichelewesha kitabu hulipi hata senti. Ukikipoteza au mtoto akakichora kalamu ya rangi ukurasa mzima, hicho unalipia. Mdau aliyekutisha na habari za deni anaongea mambo ya zamani.

Sasa Kiingereza, na hapa naomba unisikilize vizuri. Kwenye matawi kuna vikundi vya mazungumzo, mnakaa mezani na mtu wa kujitolea mnapiga stori. Ni vizuri, ila ubora unategemea nani kakaa na wewe siku hiyo. Kuna siku unatoka umejifunza, kuna siku mmoja anaongea saa nzima habari za mbwa wake. Ukitaka darasa lenye ngazi, lenye kupimwa kwanza ujue uanzie wapi, Ohio kuna mpango wa serikali unaoitwa Aspire, ni bure, na ndio wanaowaandaa watu hata kwa cheti cha kumaliza sekondari. Kaunta ya maktaba watakutafutia darasa la Aspire lililo karibu nawe. Wewe tumia vyote viwili, Aspire kwa kujifunza na kikundi kwa kuzoeza ulimi.

Lakini kwa mama mwenye watoto wadogo, mimi ningeanzia kwingine kabisa, kwenye kipindi cha hadithi cha watoto ambao hawajaanza shule. Mke wangu alianzia hapo. Mkutubi anasoma kitabu chenye sentensi fupifupi, anaonyesha picha, wanaimba wimbo uleule mara tatu kwa vitendo vya mikono, na mama yuko sakafuni na mtoto, hakuna anayemsahihisha matamshi. Wiki ijayo wanaurudia. Yale maneno yanaingia bila kujua: vaa, vua, juu, chini, zamu yangu, zamu yako, ambayo ndiyo Kiingereza cha nyumbani, cha daktari wa watoto na cha mwalimu. Baada ya kipindi akina mama wanabaki wanaongea huku watoto wakicheza, na pale ndipo mke wangu alipopata rafiki yake wa kwanza Mmarekani. Darasani alikuwa hafungui mdomo. Hakuna kujiandikisha kwa makaratasi. Angalia ratiba ya tawi, nenda, kaa chini.

Wa shule wana huduma ya kusaidiwa kazi za nyumbani alasiri wakitoka shule. Wanakaa na mtu anawaelekeza hesabu na kusoma, bila malipo. Kwa sisi ambao mtoto analeta hesabu ya kugawanya kwa njia tusiyowahi kuiona, hii imeokoa ndoa nyingi. Kiangazi kuna mashindano ya kusoma yenye zawadi, na baadhi ya matawi hugawa chakula cha mchana kwa watoto shule zikifungwa. Usione haya. Chakula kile ni cha mpango wa serikali kuu, mtoto anakaa anakula, haulizwi kipato cha wazazi. Ila usije ukamwacha mtoto mdogo peke yake ukaenda zamu. Nimeona mzazi akipigiwa simu kazini, na haikuwa simu nzuri.

Kompyuta zipo, unaingia kwa kadi yako na muda wako una kikomo. Waambie kaunta kwamba hujawahi kutumia, watakuonyesha kuanzia kushika mausi. Somo langu moja tu: ukimaliza, toka kwenye barua pepe yako na funga kila kitu, na hesabu kurasa ulizochapisha kabla hujaondoka. Mimi nimeshaokota kwenye printa fomu ya mshahara ya mtu, ina jina, anuani na namba zake zote, nikaikabidhi kaunta.

Upande wa kazi, shemeji asibaki kwenye boksi kwa sababu tu hana wa kumwandikia wasifu. Wapo watu wa kukaa naye kuuandika na kuomba kazi mtandaoni. Mimi mtihani wa uuguzi msaidizi wa hapa Ohio niliuandalia kwenye meza ya maktaba. Vitabu vya majaribio vya mitihani ya aina hiyo, hadi ile ya udereva wa malori, viko rafuni, na vingine unavifanyia kwenye kompyuta. Msimu wa kodi, kuanzia mwishoni mwa Januari hadi tarehe 15 Aprili, tafuta VITA: ni watu wa kujitolea waliofunzwa kufaili kodi za wenye kipato cha chini bila kuwalipisha, na mara nyingi maktaba ndizo zinazowapa chumba. Wapo Waswahili wenzetu hapa wanatoza dola mia mbili kwa kazi hiyohiyo, na nusu yake wanaikosea. Sitaji mtu.

Kitu wasichofanya: hawakushauri mambo ya sheria. Ukienda na fomu ya uhamiaji watakupa kompyuta, watakuchapishia, watakuonyesha ilipo kwenye tovuti, basi. Fomu ikiuliza hadhi yako na ukaomba wakwambie ujaze nini, watakataa, na wanakataa kwa faida yako. Hilo ni la wakili au mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria. Ukiuliza wakutafutie majina, hapo watakusaidia. Kwa siku za mbele, mmoja wenu akifikia kuomba uraia, maktaba zina vitabu na mara nyingine madarasa ya maandalizi. Aangalie tu toleo: walioomba kuanzia 20 Oktoba 2025 wanafanya mtihani mpya wa maswali 128, wanaulizwa hadi 20 na wapate 12. Vijitabu vyenye maswali 100 ni vya mtihani wa zamani.

Vitabu pepe na vya kusikiliza unapata kwa simu kupitia programu ya Libby, unaingia kwa kadi yako ya maktaba. Utashangaa kuona kitabu cha kwenye simu nacho kina foleni ya wiki kadhaa. Wachapishaji wengi wakubwa huiuzia maktaba leseni ya msomaji mmoja kwa wakati mmoja, na nyingi zinakwisha muda baada ya miaka miwili, inabidi zinunuliwe upya. Mkutubi hana kosa hapo, msimgombeze.

Kiswahili sasa. Nisikudanganye, rafu yake ni ya kusikitisha ukilinganisha na Kihispania. Utakuta vichache vya watoto vyenye lugha mbili, na kamusi. Nimepata njia mbili. Ya kwanza, kwenye tovuti ya maktaba kuna fomu ya kupendekeza kitabu kinunuliwe. Ijazeni. Mimi nimejaza mara nyingi, vingine wamekataa kwa sababu msambazaji wao hana, vingine vimekuja na wakaniwekea niwe wa kwanza kuazima. Wanaangalia pia vitabu vinavyoazimwa, kwa hiyo hivyo vichache vilivyopo viazimeni hata kama mmeshavisoma. Ya pili ni ya mama mkwe. Kuna tovuti ya African Storybook yenye hadithi nyingi za watoto kwa Kiswahili, zinaruhusiwa kuchapishwa bure. Chapisha pale maktaba, zikunje, mpe bibi awasomee wajukuu jioni. Mama yangu alipokuja kututembelea alifanya hivyo, na mwanangu aliyekuwa ananijibu Kiingereza tupu akaanza kudai hadithi kwa Kiswahili.

Kuhusu mdau aliyeandika kwamba kwenda kuchukua vya bure ni kujidhalilisha: maktaba hizi zinaendeshwa kwa fungu la mapato ya jimbo na kodi ya majengo ambayo wapiga kura wa hapa waliipitisha. Mnapolipa pango, mwenye nyumba amekwisha kuiweka humo. Shemeji anapokatwa kodi ya jimbo kwenye mshahara, naye ameshachangia. Na yule aliyesema ni mahali pa wazungu wastaafu, aende tawi lolote la kaskazini saa tisa alasiri siku ya shule atafute kiti. Utasikia Kisomali, Kinepali, Kihispania, Kifaransa cha Kikongo, na ukikaa kidogo utasikia na mtoto anaitwa kwa Kiswahili aache kukimbia.

Dada, ukienda chagua asubuhi ya siku ya kazi, kaunta inakuwa haina watu na mtu ana muda wa kukusubiri utafute neno. Simu yako iwe na programu ya kutafsiri. Chukua kadi yako na za watoto siku hiyohiyo, omba ratiba ya vipindi vya hadithi iliyochapishwa, na uulize kuhusu Aspire. Hayo matatu yanatosha kwa siku ya kwanza. Ukinitajia mtaa wenu nitakwambia tawi lipi na basi gani.