Rangi inabanduka kwenye modeli za metali na rezini: anza na kuosha

Mkuu, umeandika kwamba rangi ya ile modeli yako ya mpanda farasi inabanduka kila ukiishika, na unauliza kama ununue praima (rangi ya kwanza inayoshikisha rangi nyingine) ya bei kubwa zaidi. Hela yako itunze kwanza. Farasi ni wa rezini (kimiminika cha kemikali kinachoganda kikawa kigumu), mpandaji ni wa metali, na uliwatoa kwenye boksi ukawapuliza praima hapo hapo. Tatizo liko chini ya praima.

Vipande vya rezini humiminwa kwenye kalibu za silikoni, na mara nyingi kalibu hupakwa dawa ya kuachia ili kipande kitoke kizima. Dawa hiyo hubaki juu ya kipande kama mafuta membamba, na praima inashika mafuta badala ya kushika rezini. Metali nayo hutoka kwenye kalibu za mpira zilizonyunyiziwa poda. Ongeza na jasho la vidole vyako.

Kwa hiyo osha. Maji ya uvuguvugu, sabuni ya kuoshea vyombo na mswaki laini vinatosha. Ingia kwenye mikunjo ya nguo na manyoya ya farasi, maana huko ndiko dawa inakojificha. Suuza vizuri, acha mpaka kesho yake. Maji ya moto sana hulegeza rezini, na hiyo ni faida ukiwa na mkuki uliopinda: uchovye, unyooshe taratibu, kisha utie kwenye maji baridi ukiwa umeushikilia. (Rezini ya printa ya 3D ni habari nyingine: hiyo husafishwa kwa alkoholi ya isopropili, kisha hukomazwa kwa mwanga wa UV.)

Mstari wa kalibu, ule unaobaki pale pande mbili za kalibu zilipokutana, uondoe kwa kukwaruza na mgongo wa kisu, kisha umalizie kwa tupa ndogo ya kusugulia. Rezini isugue kwa msasa uliolowa, namba 400 halafu 600, na vaa barakoa, kwa sababu vumbi lake ni laini mno na halifai kabisa kuingia kwenye mapafu. Modeli nyingi za metali ni aloi (mchanganyiko wa metali) ya bati, lakini za zamani zinaweza kuwa na risasi, basi usile ukiwa kazini na nawa mikono ukimaliza. Vitundu vya hewa kwenye rezini vitoboe kwa sindano, ujaze fila (kizibio) ya epoksi, ile ya kuchanganya sehemu mbili. Ukimaliza kusugua, osha tena.

Gundi ya modeli za plastiki isahau hapa. Ile inashika kwa kuyeyusha plastiki, na rezini au metali haiyeyushi. Tumia supaglu au epoksi, na kiungo kizito kitie pini, yaani kipande cha waya kinachopita ndani ya vipande vyote viwili. Toboa upande mmoja kwa keekee ya mkono yenye biti ya milimita 1, weka tone dogo la rangi mbichi kwenye mdomo wa tundu, kisha bonyeza vipande viwili pamoja. Alama itakayobaki upande wa pili ndiyo pa kutoboa. Kata waya wa shaba nyeupe uingie pande zote mbili. Mkono wa metali uliogundishwa bila pini utang'oka siku modeli ikianguka, hata uwe umepakwa rangi nzuri namna gani.

Rangi iliyopo sasa itoe, lakini usimtie farasi kwenye asetoni (kiyeyushi kikali), itaila rezini.

Praima yenyewe haina mambo mengi. Tikisa kopo vya kutosha, lishike sentimita 20 hadi 30 kutoka kwenye modeli, pitisha tabaka jembamba, ngoja likauke, rudia. Siku ya unyevu mwingi ahirisha. Mimi napendelea ya kijivu kwa sababu inafichua kila mstari uliosahaulika: ukiuona, kwaruza hapo, sugua kidogo, futa vumbi, puliza hapo tu, kisha acha siku nzima kabla ya kushika brashi.