Stenti ya mtoto na mkojo wenye damu

Dada wa Wete, umeuliza kama ni kawaida mwanao, aliyezibuliwa njia ya figo kwa roboti huko India, kukojoa mkojo mwekundu kidogo na kubanwa kila mara. Mara nyingi ndiyo: ncha ya stenti, yaani kile kijibomba chembamba kilichoachwa ndani kutoka figo hadi kibofu, inasugua kibofu, hasa akikimbiakimbia. Mpe maji ya kutosha. Lakini akipata homa, maumivu ya ubavu au mkojo ukakata, usingoje kuche, mpeleke hospitali. Na tarehe ya kuitoa stenti, dada yangu, ishike sana! Kwa kawaida ni wiki 4 hadi 6. Ikisahaulika hugandwa na mawe, kuitoa kukawa kazi kubwa. Muulize daktari wake mapema kama hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, wataweza kuitoa.