Jibu: LibreELEC inaganda kwenye rangi za upinde wa mvua

Habari ndugu. Nimekuelewa hivi: umeandika LibreELEC (mfumo mdogo wa kuendesha Kodi, programu ya kutazama video) kwenye kadi ya SD, ukawasha Raspberry Pi 4 (kompyuta ndogo ya bodi moja), ukaona ule mraba wa rangi za upinde wa mvua, kisha basi. Kodi haifunguki.

Usikate tamaa. Rangi zile zinaonyesha kwamba bodi imesoma kadi na waya wa HDMI ni mzima. Kinachogoma ni keneli, yaani kiini cha mfumo, kwa hiyo anza na faili ulilopakua. Pi 4 ina faili lake, Pi 5 lake, na Pi 2 na 3 zinatumia moja. Mimi nilipoteza jioni nzima nikibadilisha nyaya, kumbe nilipakua lenye RPi2 kwenye jina. Lako lazima liwe na RPi4.

Jina likiwa sawa, tazama taa ya kijani kwenye bodi. Ikimweka mara 7, ikatulia, ikarudia, keneli haipatikani kwenye kadi. Pakua upya, andika upya, na kama unayo kadi nyingine tumia hiyo. Kadi iliyochoka inaweza kukubali kuandikwa na bado isisomeke.

Chaja iwe ya 5V na 3A. Diski ya nje ichomoe kwanza.

Ikishawaka, itapanua nafasi ya kuhifadhi kisha ijiwashe upya yenyewe. Usikate umeme hapo! Ikigoma tena, niandikie jina kamili la faili na taa inamweka mara ngapi.