Safu Tupu Kwenye Rejista: Kwa Mnaoanza Kazi ya Afya ya Jamii Nyanda za Juu Kusini

Wadogo zangu mnaoripoti mwaka huu kwenye halmashauri za Mbeya, Iringa na Njombe, karibuni sana. Najua mmetoka chuoni mmeiva kwa epidemiolojia, elimu ya jinsi magonjwa yanavyoenea, na mtaihitaji. Mimi kuna somo nililipata nikiwa nimeshatuma ripoti za miaka mitatu, na ningependa ninyi mlipate mapema.

Aliyenifundisha ni muuguzi wa zahanati moja ya milimani, upande wa Njombe. Nilikwenda kukagua takwimu, nikamkuta na rula na kalamu nyekundu, anachora safu mpya pembeni mwa kitabu cha MTUHA, ile rejista ya serikali ya takwimu za huduma za afya, pale ukurasa ulipobakiwa na nafasi ya vidole viwili. Nikamuuliza hiyo ni ya nini. "Ya mradi," akasema. "Mwaka jana walitaka hivi, mwaka huu wanataka vile." Akafunua kurasa za nyuma akanionyesha safu nyingine tatu alizozichora kwa mkono. Zote zilijaa vizuri hadi mwezi fulani, halafu kuanzia hapo hadi chini zilikuwa tupu. Miradi ilikwisha. Wagonjwa walikuwa bado wanakuja.

Tangu siku ile sijaweza kuangalia fomu bila kujiuliza ni nani aliyeomba hiyo safu, na kwa nini aliiomba.

Chukueni UKIMWI, maana ndio mtakaoshinda nao huku kwetu. Utafiti wa kitaifa wa 2022–23 uliikuta Njombe na maambukizi ya asilimia 12.7 kwa watu wazima, Iringa 11.1, Mbeya 9.6, wakati taifa zima ni 4.4. Mwaka 2000 dawa za kufubaza virusi zilikuwepo, na zilifanya kazi vizuri. Zilikuwa zinauzwa zaidi ya dola 10,000 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka. Februari 2001 kampuni ya Cipla ya India ikajitokeza na dozi ileile kwa dola 350. Wakati huohuo kampuni 39 za dawa zilikuwa zimeishtaki serikali ya Afrika Kusini kwa sababu ya sheria yake ya kupata dawa nafuu, na zikaondoa kesi Aprili 2001 baada ya wagonjwa na wanaharakati wa nchi nyingi kupaza sauti. Sayansi ya kidonge haikubadilika ndani ya miezi hiyo. Kilichobadilika ni nani anaruhusiwa kukitengeneza na kwa bei gani. Ndugu zetu waliozikwa katika miaka hiyo ya kungoja tunawafahamu kwa majina.

Halafu mwaka 2003 Marekani ikaanzisha PEPFAR, mpango wake wa kufadhili mapambano ya UKIMWI katika nchi nyingine, na nasema bila kusita kwamba mpango ule umeokoa watu tunaokutana nao sokoni kila siku. Lakini sheria iliyouanzisha ilitaka theluthi ya fedha za kinga ziende kwenye mafundisho ya kuacha ngono hadi ndoa. Sharti hilo halikutoka maabara, lilitoka kwa wapiga kura wa nchi nyingine na imani zao, likalegezwa 2008. Mtakuta wahudumu wakongwe wanaokumbuka vizuri semina zipi zilikuwa na fedha na zipi zilikosa.

Kwenye tohara nitakaa kidogo, kwa sababu hapo ndipo dhamiri yangu ilipobanwa.

Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani na UNAIDS, mpango wa Umoja wa Mataifa wa UKIMWI, walipendekeza tohara ya hiari ya kitabibu, baada ya majaribio ya Kenya, Uganda na Afrika Kusini kuonyesha kwamba inapunguza kwa takriban asilimia 60 hatari ya mwanamume kuambukizwa na mwanamke. Iringa ikawa mahali pa kuanzia, maana makabila mengi ya huku hayakuwa na jadi ya kutahiri na maambukizi yalikuwa juu. Katika kampeni ya 2010, wakati Njombe ikiwa bado ndani ya mkoa wa Iringa, wanaume na wavulana zaidi ya 10,000 walitahiriwa ndani ya wiki sita. Kampeni iliwekwa Juni na Julai, kipindi cha baridi, kwa sababu watu wa huku wanaamini kidonda hupona haraka wakati wa baridi. Wataalamu wangeweza kupuuza jambo hilo. Walilisikiliza, na foleni zikajaa. Hilo lilifanyika vizuri, na muige.

Sasa sikilizeni upande wa pili. Miaka kadhaa baadaye nilikuwa kwenye kampeni nyingine kama hiyo. Asubuhi ya ukungu, wavulana wamejikunyata kwenye benchi wakiwa na majaketi ya mitumba, kila mmoja ameshika fomu ya ridhaa ya mzazi. Nikapitia fomu. Tano zilikuwa na mwandiko mmoja na wino mmoja. Mtu mmoja aliwasainia wote, ili wasirudishwe. Kiongozi wa timu akaniambia tuendelee, lengo la wiki halijafika, na lengo lisipofika fedha ya robo ijayo inapungua. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amebanwa na namba iliyopangwa mbali na benchi lile.

Niliwarudisha wale watano nyumbani. Kesho yake watatu walikuja na wazazi wao, mmoja na bibi yake aliyeuliza maswali kwa nusu saa. Wawili hawakurudi, na hadi leo sijui kama niliwanyima kinga au niliwalinda. Kazi hii itawapa maswali ya namna hiyo, na hakuna mwongozo utakaowajibia. Ninachowaomba ni kwamba lengo lisije likasaini badala ya mzazi.

Kuhusu korona nitasema machache. Takwimu za nchi yetu ziliacha kutolewa mwanzoni mwa Mei 2020 zikiwa zimefikia wagonjwa 509, na chanjo ikazinduliwa 28 Julai 2021. Katikati hapo ujumbe uligeuka, na aliyetakiwa kuueleza kijijini ni mhudumu. Mama mmoja wa Tukuyu aliniuliza, "Mwanangu, mlikuwa mnatuficha wakati ule, au mnatudanganya sasa?" Msimkasirikie mtu anayeuliza hivyo. Aliuliza swali la maadili, na alistahili jibu la polepole. Na kwingineko pia mambo hayakuwa safi. India na Afrika Kusini ziliomba Oktoba 2020 haki za hataza, yaani haki za mgunduzi kuzuia wengine wasitengeneze kitu chake, zisimamishwe ili chanjo zitengenezwe kwingi, na uamuzi ukaja Juni 2022, mdogo kuliko ombi, wakati mataifa tajiri yalikuwa yameshachanja watu wao.

Ninyi mnaingia kazini baada ya Januari 2025, na hilo linabadilisha mengi. Tarehe 20 ya mwezi ule Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90. Wiki iliyofuata, kwenye kituo kimoja cha tiba na matunzo ya wenye virusi vya UKIMWI, waingiza takwimu waliolipwa na mradi hawakuonekana. Muuguzi alibaki na mafaili mezani, wagonjwa wakiwa kwenye benchi na kadi zao mkononi. Baadaye ikaja ruhusa ya kuendelea na huduma za kuokoa maisha, ila dawa kinga, ile anayoinywa asiye na virusi ili asiambukizwe, ikaruhusiwa kwa wajawazito na wanaonyonyesha tu. Dada anayefanya kazi usiku Makambako, penye malori ya kwenda Tunduma, akawa nje ya mstari. Hakuna utafiti uliosema mwili wake unahitaji kinga kidogo. Kuna mtu aliyeamua nani anastahili kuonewa huruma.

Kwa hiyo msiishie kwenye ripoti. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai, na mpango kabambe wa afya wa halmashauri unaandikwa miezi mingi kabla. Ombeni kuingia kwenye vikao hivyo, hata kama ni kukaa nyuma na daftari. Viongozi wa Afrika waliahidi Abuja mwaka 2001 kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Ahadi hiyo iulizwe pia kwenye ngazi ya kata, kwa heshima, na mtu mwenye namba mkononi.

Mimi nilikwenda na picha ya kitabu cha yule muuguzi, zile safu tupu. Diwani mmoja aliishika simu yangu kwa muda, akaikuza picha kwa vidole, akauliza, "Hawa wagonjwa wa safu hizi walikwenda wapi?" Nikamwambia hatujui, kwa sababu hatuna nauli ya kuwafuata. Zilipatikana nauli za wahudumu wawili wa ngazi ya jamii, kwa robo mwaka moja. Walianza na kurasa za Januari.