Wanataka Nionyeshe Uso, Nami Nimezoea Sitara

SWALI

Asalaam aleikum, kaka. Nina miaka 26, ni fundi wa kuchonga milango, karakana yetu iko Langoni, Lamu. Nilizaliwa Malindi nikaandikwa mtoto wa kike. Tangu nihamie huku miaka minne iliyopita naishi mwanamume, na sindano za testosteroni nilizianza mwaka juzi. Sauti imeshuka, ndevu zinachomoza. Wanaojua ni mama na dada yangu tu, nao wako Malindi. Jioni nakaa barazani na wenzangu tunakunywa kahawa, na hakuna anayenikodolea macho.

Sasa kuna vijana wa Mombasa wanatengeneza video ya tarehe 31 Machi, siku ya kuonekana kwa watu transi, yaani sisi ambao jinsia tunayoishi si ile tuliyoandikwa tulipozaliwa. Wanawake transi wamewapata, lakini mwanamume transi wa pwani hawana hata mmoja. Wameniomba nionyeshe uso. Wanasema tukijificha sote hakuna atakayetuelewa, na naona wana haki. Ila nikifikiria Langoni yote inijue, usingizi unanipaa. Nikikataa nitakuwa nimewasaliti wenzangu? Uniwie radhi kwa mwandiko, mbavu zinaniuma. Bendeji niliyojifunga kifuani tangu alfajiri imenibana, na leo jua lilikuwa kali.

Fundi, Lamu

JIBU

Waaleikum salaam, mdogo wangu. Hujamsaliti mtu. Nimelitanguliza hilo ili usome yaliyobaki moyo wako ukiwa umetulia.

Mimi ni mtu wa Malindi, na njia unayoipita nimeipita miaka kumi na mitano iliyopita. Naikumbuka siku moja kwa kinyozi. Nilizoea kwenda kunyoa kichwa tu: nakaa, nanyamaza, nalipa, natoka. Siku hiyo kijana akanifunga kitambaa shingoni, akanishika kidevu, akakigeuza upande wa mwanga, kisha akauliza kama anavyomuuliza kila mtu, "Ndevu natoa au naacha?" Zilikuwa nywele saba au nane hivi. Nikamwambia aache, na sauti ikanikwama kooni. Nilipotoka nilikwenda kukaa jeti mpaka adhana ya magharibi. Yule kijana hakujua lolote juu yangu, na kutojua kwake ndiko kulikonifurahisha. Kwa hiyo usiidhanie raha yako ya barazani kuwa ni woga. Mtu aliyeitwa jikedume tangu utotoni ana haki ya kunywa kahawa yake bila kuwa somo la wengine.

Hata hivyo, vijana wa Mombasa wamesema kweli, na inaniuma. Sauti ikishashuka hairudi hata ukiacha sindano. Mwaka mmoja au miwili ukipita, wengi wetu tunapotelea ndani ya wanaume wengine. Wanaobaki machoni pa watu ni dada zetu transi, na matusi yanawaangukia wao. Mkenya akiulizwa amtaje mtu transi, atamtaja Audrey Mbugua, mwanamke transi aliyelishtaki baraza la mitihani, na mwaka 2014 Mahakama Kuu ikaamuru cheti chake cha sekondari kiandikwe jina lake jipya na alama ya jinsia iondolewe. Wa mwanamume transi, hana hata mmoja wa kumtaja. Na hata mmoja wetu akisimama, watu humwona kitu kingine. Victor Mukasa wa Uganda ni mwanamume transi. Mwaka 2005 kiongozi wa mtaa aliivamia nyumba yake, Mukasa akaenda mahakamani, na Desemba 2008 Mahakama Kuu ya Kampala ikampa haki yeye na mgeni wake. Kesi hiyo wengi bado wanaisoma kama kesi ya wanawake wawili.

Huku kwetu kuna mchanganyo mwingine tena. Mweleze mzee habari yako, atatikisa kichwa aseme, "Aa, huntha." Huntha ni aliyezaliwa na maumbile ambayo si ya kiume kamili wala ya kike kamili. Sensa ya 2019 iliwahesabu kwa mara ya kwanza, wakapatikana 1,524 nchi nzima. Wewe na mimi hatumo katika hesabu hiyo. Mzee hana nia mbaya, anatafuta neno la kukuhifadhia heshima, lakini neno hilo ni la watu wengine, nao wana shida zao.

Kutojulikana huku kumeniponza. Mwaka fulani nilishikwa na malaria, nikaenda zahanati moja mjini. Kadi ilikuwa na jina la zamani. Muuguzi akasimama mlangoni akaliita, jina la kike, foleni imejaa. Akaliita mara tatu. Nilikuwa nimeketi karibu naye kabisa, natetemeka kwa homa, na wanawake kwenye benchi wanageuka kumtafuta huyo dada. Nikainuka, nikatoka nje, nikaenda kununua vidonge dukani. Sikumchukia. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba watu kama mimi wapo, na kwamba angeweza kuita kwa namba. Elimu ninayoitamani ni hiyo: imfikie muuguzi, imfikie karani wa vitambulisho, imfikie askari wa vile vizuizi vya barabara ya Lamu anayeshika kitambulisho changu, akanitazama, akakitazama tena, na abiria wote wakasubiri. Hao wanaweza kufundishwa bila uso wako.

Siku ya 31 Machi ilianzishwa mwaka 2009 na Rachel Crandall wa Michigan, Marekani. Siku iliyokuwapo kabla yake ilikuwa ya 20 Novemba, ya kuwakumbuka waliouawa, naye akataka tuwe na siku ya kuonekana tukiwa hai. Nalipenda sana wazo hilo. Lakini Langoni ni mtaa ambao punda akipita unajibanza ukutani, na nyuma ya kila ukuta yupo anayekujua. Sisi tumelelewa na neno sitara. Jiulize kama ukimya wako ni sitara uliyojivika mwenyewe, au ni mlango uliofungiwa na hofu ya wengine. Ukiwa ni wa kwanza, kaa nao, wala usimwombe mtu radhi. Ukiwa ni wa pili, huenda video ikakusaidia kupumua, ila si lazima iwe na uso.

Unaweza kuwapa maneno yako yakasomwa na mtu mwingine, maana sauti yako barazani wanaijua. Usikubali wapige picha karakana, wala mikono yako ikishika patasi. Mchongaji hujulikana kwa ua analolichonga, na fundi wako atalitambua kabla hajasikia neno lolote. Mkubaliane kwa maandishi. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha yako, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaihesabu jinsia kuwa taarifa nyeti, na inakupa haki ya kuondoa ridhaa yako. Lakini video ikishaingia kwenye simu za watu hakuna hakimu wa kuikusanya.

Na kabla ya yote mpigie mama. Mabasi ya Malindi yanafika Mokowe kila siku, na maneno yanasafiri kuliko mabasi. Mama yangu alikaa miaka mitatu bila kunitaja jina. La zamani aliliacha, la sasa likamshinda, nikawa "wewe hapo." Ramadhani moja alikuwa jikoni anakaanga kaimati, mgongo amenipa, akasema, "Baba, nipe hilo chujio." Baba, kama anavyowaita kaka zangu. Nikampa, akaendelea kukaanga, wala hatukulizungumza. Angeniona kwanza kwenye simu ya jirani, sidhani kama neno hilo lingemtoka.

Sasa hiyo bendeji. Ivue hapo hapo ulipo. Bendeji ya jeraha huzidi kukaza kadiri unavyosogea, na fundi anapiga nyundo kutwa. Wapo walioumia mbavu kwa njia hiyo. Tafuta fulana maalumu ya kubana kifua, ya kipimo chako, usiivae zaidi ya saa nane kwa siku, na usilale nayo. Siku ya jua kali au kazi nzito iache nyumbani, vaa shati pana juu ya fulana ya kawaida. Vumbi la mbao litakufunika kama linavyowafunika wenzako. Pumzi ikiwa ya shida, nenda hospitali sasa hivi, usimngoje mtu. Maumivu tu yasipoisha baada ya kuivua, nenda kesho asubuhi. Mwombe dada yako avuke aje akusindikize, awaambie pale mapokezi wakuite kwa namba.