Mnaniuliza kama huku kuna raha

Kila nikipiga simu nyumbani, tukishamaliza salamu na habari za wagonjwa, linafuata swali lile lile: “Hebu sema ukweli, huko kuna raha au mnatuonyesha picha tu?” Siku hizi limezidi, kwa sababu mdogo wetu mmoja amepata nafasi ya kwenda kuishi jiji kubwa ughaibuni na anataka kujua atafanyaje asije akafa kwa upweke. Basi najibu kwa mkupuo mmoja, msome wote. Wakubwa, shikamooni kwanza, maana mengine nitakayosema hayapendezi.

Raha ipo, ila haiko kwenye zile picha. Maghorofa, madaraja na taa za usiku ni mambo ya wiki za mwanzo, au ya siku ukipata mgeni wa kumzungusha. Anayeishi jiji kubwa kweli kweli hana habari na vivutio vyake. Yeye anajua basi lake linapita saa ngapi, ngazi ipi ya jengo lao imelegea, jirani yupi hufoka asubuhi. Ukikaa vya kutosha, furaha nayo inakukuta kwenye mambo madogo ya namna hiyo, tena bila kupiga hodi.

Kabla ya hapo kuna kipindi ambacho hakuna anayetuma picha zake. Mwanaanthropolojia Kalervo Oberg alikieleza katika mhadhara alioutoa Rio de Janeiro mwaka 1954: mgeni huanza na fungate, kila kitu kinampendeza, halafu anaingia kwenye hasira, anaichukia nchi, lugha yake na watu wake, baadaye hupona taratibu na kuzoea. Alisema pia kwamba walio kwenye hasira hutafutana, wakakaa pamoja kuwasema wenyeji. Niliposoma hayo nilicheka peke yangu, kwa sababu nusu ya vikao vyetu vya wikendi ndivyo vilivyo.

Ila kuna jambo ambalo wanaozungumzia “kuzoea” hulipita haraka, nalo ni makaratasi. Kibali chako kikibakiza miezi mitatu, hakuna mhadhara utakaokufanya ujione mwenyeji. Unaogopa hata kununua kabati. Na zamu za kazi nazo: anayebeba maboksi usiku kucha na kulala mchana kutwa atafahamiana na nani? Wengi wanaoitwa wapweke wala si watu wa kujitenga, wamekosa saa tu. Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza kwa mdogo wetu hauhusu marafiki kabisa. Ukipata uwezo wa kuchagua, panga karibu na kazi hata kama chumba ni kidogo. Chumba kikubwa cha mbali kitakula jioni zako zote barabarani, na ukifika huna hamu ya kuongea na mtu.

Upweke wenyewe sasa. Mnafikiri ni kukosa watu, kumbe hapa watu wamejaa hadi mlangoni mwa treni. Mimi niliuelewa vizuri kwenye fomu. Kila fomu, iwe ya kazi, ya hospitali au ya nyumba, ina sehemu ya kuandika mtu wa kupigiwa simu likitokea la kutokea. Unashika kalamu, unafikiri. Unaishia kuandika ndugu aliye bara jingine, ambaye akipigiwa usiku wa manane hatakuwa na la kufanya zaidi ya kulia. Hapo ndipo mtu anajua amefika mji au bado.

Jina la kuandika pale linapatikanaje? Kwa kurudi mahali pale pale, na watu wale wale, hadi wakuchoke au wakuzoee. Sijaona njia nyingine. Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas alichapisha utafiti mwaka 2018. Miongoni mwa aliowahoji walikuwamo watu wazima waliokuwa wamehamia mji mpya. Alikadiria kwamba mtu huhitaji kama saa 50 za kuwa pamoja na mwenzake ili wafikie urafiki wa kawaida, kama saa 90 ili wawe marafiki hasa, na zaidi ya saa 200 ili wawe marafiki wa karibu. Sasa pigeni hesabu. Mkionana saa mbili kwa wiki, zile 50 za mwanzo ni karibu nusu mwaka. Zile 200 ni karibu miaka miwili. Huko nyumbani saa hizo tulizimaliza utotoni, shuleni na mtaani, wala hakuna aliyezihesabu, ndiyo maana tunadhani urafiki hujiotea wenyewe. Mtu akifika ughaibuni, baada ya miezi minne hana rafiki, anaanza kujiuliza ana kasoro gani. Hana kasoro. Saa bado hazijatimia.

Kwa hiyo sherehe moja hapa, tamasha moja pale, havisaidii sana. Unapata namba za simu ishirini na hakuna unayempigia. Tafuta kitu kinachokutana kila wiki na kisichohitaji mwaliko: kwaya, darasa la lugha, timu ya mpira ya watu wenye vitambi, kazi ya kujitolea, ibada kama wewe ni mtu wa ibada. Nenda ukiwa na hamu, nenda ukiwa huna. Wiki za mwanzo utakaa pembeni kama mzigo uliosahaulika stendi, na hilo halina dawa ila kuvumilia. Kisha kuna wiki utashindwa kwenda, na wiki inayofuata mtu atakuuliza, “Juzi ulikuwa wapi?” Siwezi kuwaeleza swali hilo linavyoingia moyoni. Nyumbani mtu akiniuliza nilikuwa wapi naona ananichunguza. Huku niliulizwa nikatembea na tabasamu hadi kituoni.

Mnasema pia watu wa miji mikubwa hawasalimiani. Ni kweli kwa kiasi. Watafiti wawili wa Marekani, Nicholas Epley na Juliana Schroeder, waliwahi kuwaomba abiria wa treni za Chicago wazungumze na mtu wasiyemjua, wengine wakae kimya kama kawaida. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014: watu walitarajia kwamba kuzungumza kungewaharibia safari, lakini waliozungumza ndio waliosema wamesafiri vizuri zaidi. Yaani pengine kila mmoja anadhani mwenzake hataki. Mimi simvamii mtu aliyechomeka spika masikioni, huo ni mlango uliofungwa na tuuheshimu. Lakini mlinzi wa jengo, dereva wa basi la alfajiri, yule mama anayesafisha ofisi kabla wengine hawajafika, hao wasalimie kila siku hadi muulizane habari za watoto. Si marafiki, wala hawatakuwa. Ila siku ukiugua, ukoo huo mdogo wa salamu ndio wa kwanza kugundua.

Sasa watu wetu walioko huku. Hapa niseme kwa uangalifu kwa sababu wengine watasoma. Bila wao nisingefika popote: chumba cha kufikia, maelekezo ya makaratasi, na msiba ukitokea nyumbani hao ndio wanaokuja kukaa nawe usiku. Hayo hayalipiki. Upande wa pili kuna umbea, kuna kupimana kwa magari, na kuna uenyekiti wa chama unaogombewa kana kwamba una mshahara. Ukiishi nao peke yao, unaweza kukaa jiji la watu milioni kumi na ukawa unaishi ndani ya watu arobaini. Ila wapo pia wanaowakimbia kabisa watu wa kwao ili waonekane wameiva, hata lugha wanajifanya imewatoka. Nao siwaoni wakiwa na raha. Mwanasaikolojia wa Kanada, John Berry, ambaye amechunguza wahamiaji kwa miaka mingi, ameona kwamba kwa kawaida wanaoshika pande zote mbili, ya kwao na ya wenyeji, ndio wanaotulia zaidi. Haihitaji usomi kuliona hilo, keti tu kwenye kikao chetu chochote utazame nani anacheka kwa dhati.

Na ninyi mlioko nyumbani, mna sehemu yenu. Tukiwaambia “niko bize”, mara nyingine tuko kitandani tunatazama dari. Simu yenu tunaiogopa, si kwa kuwa hatuwapendi, ila ikilia saa zisizo za kawaida huwa ni ugonjwa, ada au kaburi. Pigeni siku moja mtusimulie vichekesho tu, mkate simu bila kuomba kitu. Na lile swali la “unarudi lini?” mliweke akiba kidogo.

Kuna aibu moja hatuwaambii: mtu akifurahi huku anajiona kama anaiba. Nimekaa bustanini Jumamosi, jua linawaka, sina shida, na sauti inanieleza kwamba muda huu ningechukua zamu ya ziada na hela ikafaa mtu nyumbani. Nimeumaliza ugomvi huo hivi: nimepanga kiasi, nakituma mwanzo wa mwezi, kinachobaki ni changu na hakina maelezo. Kuna waliokasirika. Wamepoa, au wamezoea kukasirika.

Mmeniuliza kama mimi mwenyewe nimeshakuwa mwenyeji. Kwa wiki nzima naweza kuwa mwenyeji, kisha barua ya uhamiaji ikaingia nikawa mgeni tena hadi niifungue. Nimekubali kuishi hivyo. Nilichokataa ni ule usemi wa “mimi napita tu”. Najua watu wanaupita mji mwaka wa kumi huu, wanalalia godoro sakafuni kwa sababu kitanda ni kitu cha mtu anayekaa. Hawajarudi, na hawajafika.

Kwa hiyo mdogo wetu, ukifika, wiki mbili za kwanza lala, tembea, piga picha zote unazotaka na ututumie. Wiki ya tatu nunua kitanda. Halafu nipigie tutafute darasa la lugha lenye vipindi vya jioni, na hakikisha liko upande ule ule wa mji na kazi yako.